Kila Mara Mimi Ndiye Jirani, Nyanya au Muuza Pombe

*Kwako Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, na ninaishi Nakuru. Mchana nauza mitumba. Tangu nikiwa msichana nimekuwa mwigizaji katika kundi linalozunguka shule za upili za Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha tukiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Tulipokuwa na* Kigogo, *nilikuwa Mamapima. Sasa tuna* Bembea ya Maisha *na nimepewa Dina, jirani. Katika michezo mingine nimekuwa nyanya, mama mkwe, mganga, mlevi na mpishi. Sijawahi hata siku moja kuwa mhusika mkuu.*

*Nafasi hizo hupewa wasichana wanaotoka chuoni, ambao wengine hawajui hata kusimama jukwaani. Nilipomuuliza mwelekezi wetu, aliniambia kwamba sura yangu si ya kubeba mchezo. Dada yangu ananiambia niache mambo ya kitoto nishughulikie biashara. Rafiki yangu ananiambia nihamie Nairobi, kwenye televisheni na filamu. Malipo nayo ni ya kusukumana, leo unapewa nauli, kesho unaambiwa subiri shule ilipe.*

*Mwalimu, niendelee au niache? Je, mtu anaweza kuishi maisha yake yote akiwa jirani wa mhusika mkuu?*

*Ni mimi, Mama Wawili, Nakuru.*

Dada yangu Mama Wawili,

Anaweza. Na wako walioishi hivyo, wakapendwa na nchi nzima, wakaacha kazi inayozungumzwa hadi leo. Nitakueleza habari zao, halafu tuje kwenye mwelekezi wako, malipo yako na hilo wazo la Nairobi. Lakini kwanza shika neno moja: una kazi tayari. Mtu anayeweza kuwa muuza pombe Jumatatu na jirani mwema Jumatano, mbele ya wanafunzi walewale, na wasimtambue, ana ufundi kamili mikononi mwake. Ufundi huo una urefu wake wa maisha, una mashujaa wake, na una hatari zake.

Anza na wale uliokua ukiwatazama. Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang', hakuwa kijana mzuri wa kimapenzi wala jemadari. Alikuwa mzee mwenye tai fupi, miwani na mvi, anayebishana na mkewe na kuingia katika matatizo ya kujitakia. Katika kipindi cha televisheni cha *Vitimbi*, tangu enzi za Sauti ya Kenya hadi KBC, watu waliacha vijiko mezani ili wamwone. Mwenzake, Mary Khavere, alikuwa Mama Kayai, na wawili hao waliivaa ndoa ile kwa uhakika kiasi kwamba wengi walidhani ni mume na mke kweli. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mjaluo yule tuliyemwona kwenye kioo alitengenezwa kwa sikio, kwa mwili na kwa mazoezi. Alipofariki Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia kama mtu wa nyumbani kwao.

Mfano wa pili uko karibu nawe zaidi. Mwandishi Stefanie Zweig alikuwa mtoto wa familia ya Wayahudi wa Ujerumani waliowakimbia Wanazi, na baba yake akapata kazi katika shamba la Rongai, hapo tu nje ya Nakuru. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitengenezewa filamu mwaka 2001, *Nirgendwo in Afrika*, na mwaka 2003 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mpishi wa familia ile, Owuor, aliigizwa na Mkenya Sidede Onyulo.

Tafuta filamu hiyo uitazame kwa jicho la kikazi. Kwenye karatasi, Owuor ni mtumishi. Anapika, anabeba, anamuuguza bwana wake anapougua malaria. Lakini bwana huyo, aliyekuwa wakili kwao, anampa joho lake la mahakamani, na Onyulo analivaa kama mtu anayejua uzito wa alichopewa. Tazama mabega yake akiwa ndani ya joho lile. Tazama anavyozungumza Kiswahili na yule mtoto mzungu, polepole, bila kumbembeleza. Hakuna mahali anapoomba tumwonee huruma. Mwandishi alimpa jiko, naye akatuonyesha mwanamume mwenye kwao, mwenye heshima yake na mwenye uamuzi wake wa kukaa au kuondoka. Ukimaliza kutazama, jiulize ni nani unayemkumbuka zaidi katika filamu hiyo.

Namtaja Onyulo kwa sababu nafasi zetu katika filamu zilizopigwa nchini humu zilikuwa finyu kwa muda mrefu. Peter Lukoye alikuwa Nuru na Omar Chambati alikuwa Makkede katika *Born Free* ya mwaka 1966, wote wakiwatumikia wazungu waliokuwa katikati ya hadithi. Ayub Ogada, mwanamuziki yule wa nyatiti, akitumia jina la Job Seda, aliigiza mwandani wa mhusika wa Robert Redford katika *Out of Africa* ya mwaka 1985. Huko Marekani, Hattie McDaniel aliigiza watumishi wa nyumbani filamu baada ya filamu. Mwaka 1940 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata Oscar, kwa nafasi ya mtumishi katika *Gone with the Wind*, na usiku huohuo aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake wa filamu ileile. Dhuluma ile haikuwa na haki yoyote, na sikuambii uipende. Nakuambia kwamba watu hawa walipewa chumba kidogo, nao wakakijaza hadi kuta zikasahaulika. Wewe chumba chako ni kikubwa kuliko chao. Mamapima na Dina wameandikwa na Waafrika, wanazungumza lugha yako, na wana maisha yao.

Kuhusu umri, usitishwe na wasichana wa chuo. Wahusika wanaokufaa wanaongezeka kadiri unavyozeeka, na wale wa wasichana hao wanapungua. Thelma Ritter alizaliwa mwaka 1902 na akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na kwa kipande kifupi tu. Baada ya hapo aliteuliwa kuwania Oscar mara sita, zote kama mwigizaji msaidizi, na nafasi zake zilikuwa za mtumishi wa nyumbani, muuguzi, muuzaji wa barabarani na mama wa mtu. Hakushinda hata mara moja, na hakukosa kazi. Sydney Greenstreet alikaa jukwaani miongo minne kabla ya filamu yake ya kwanza, *The Maltese Falcon* ya mwaka 1941, akiwa na miaka zaidi ya sitini. Na hapa jirani, mchekeshaji Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, alianza jukwaani akiwa mtoto katika miaka ya 1950 na alikuwa bado akitafutwa na watayarishaji alipofariki Agosti 2018. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na ubawa wako ni wa safari ndefu.

Sasa tuje kwenye hatari. Kuna tofauti kati ya mwigizaji wa wahusika wengi na mwigizaji aliyefungiwa kwenye mhusika mmoja. Wa kwanza kila akipewa mama mpya, anamtafutia mwendo wake, sauti yake na hasira yake. Wa pili ana mama mmoja tu anayembadilishia leso. Sijakuona jukwaani, kwa hiyo siwezi kusema uko upande gani. Lakini unaweza kujipima mwenyewe. Mwombe mtu asiyekujua vizuri aangalie maonyesho yako mawili tofauti, halafu akueleze Dina ni mtu wa namna gani na Mamapima ni mtu wa namna gani, bila kutaja mavazi wala maneno waliyosema. Akishindwa kuwatofautisha, tatizo lako la kwanza si mwelekezi.

Chukua Dina. Wengi huingia wakasema maneno, wakatoka, kwa sababu wanaamini mchezo ni wa mama Sara na watoto wake. Lakini Dina anakuja kwenye nyumba ya rafiki mgonjwa kumsaidia mapishi. Je, anabisha hodi au anaingia tu? Viatu anaviacha mlangoni au anaingia navyo hadi jikoni? Anajua sufuria iko wapi bila kuuliza? Mkono wake unakwenda kwanza kwenye mafiga au kwenye paji la uso la Sara? Ukiyajibu hayo kwa mwili wako, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeketi nyuma kabisa atajua urafiki huu ni wa miaka mingapi kabla hujafungua kinywa. Na akijua hivyo, ugonjwa wa Sara utamuuma zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya mhusika msaidizi. Wewe ndiye unayemfanya mhusika mkuu aaminike.

Mamapima vilevile. Ni rahisi kumfanya kichekesho, mama wa mangweni anayeyumba na kupayuka. Lakini kumbuka kwamba muuza pombe anayetaka faida hanywi anapouza. Yuko macho kuliko wote. Anapima kwa jicho moja na kuhesabu deni kwa jicho la pili, na anajua kibali chake kinatoka kwa nani na kinaweza kuondolewa na nani. Ana mume, ana njaa, ana woga. Tena mwishoni anapaswa kuwakabili watu wale aliowauzia sumu. Ukimcheza kama kichekesho tangu mwanzo, toba yake haitakuwa na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo nunua daftari. Kwa kila mhusika, hata mwenye maneno matatu, andika alikotoka kabla ya kuingia, anakokwenda akitoka, anamwogopa nani, anamdai nani, na anaficha nini. Biashara yako ya mitumba inakupa shule ambayo wasichana wa chuo hawana. Kibandani kwako hupita mama wa Bahati, mwalimu wa Subukia, mchuuzi wa Salgaa, mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha siku ya likizo. Tazama mtu anavyoikunjua nguo anayoitaka ilhali hana pesa za kuinunua. Tazama vidole vyake. Hao ndio wahusika wako wa miaka kumi ijayo.

Kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, lakini kwa kuwa unaigiza katika Bonde la Ufa sina budi kuligusa. Wahusika wa pembeni mara nyingi hupewa lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke. Mzee Ojwang' alifaulu kwa sababu tulimcheka Ojwang' mwenyewe, ubishi wake, tamaa yake na kiburi chake cha bure, na kila mmoja wetu alikuwa na mjomba kama yeye. Pale ambapo kicheko kinaiangukia jamii nzima, kwamba hawa ni wezi, hawa ni washamba, hawa ni wachawi, mwigizaji anakuwa ameazima mdomo wake kwa kitu kibaya. Nakuru na Naivasha zinayakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi ya Januari 2008. Katika ukumbi mmoja wa shule unaweza kuwa na watoto wa familia zilizofukuzana. Lafudhi itumie, ni sehemu ya mtu, lakini ijifunze vizuri kutoka kwa wenyewe, na mhusika awe na akili zake timamu na sababu zake. Mwelekezi akikuambia uongeze lafudhi ili watu wacheke zaidi, muulize mhusika huyu anataka nini katika onyesho hili. Asipokuwa na jibu, usiongeze.

Tuje kwa mwelekezi wako. Kukuambia kwamba sura yako si ya kubeba mchezo ni utovu wa adabu, na pia si jibu la kikazi. Nakushauri umwendee mara moja, mkiwa wawili, nje ya mazoezi, na kwa heshima. Mwambie unataka kujaribiwa kwa nafasi ya Sara katika msimu ujao, kwa sababu Sara ni mama mtu mzima na wewe una umri na uzoefu wa kumbeba. Tazama, sikusema Neema, binti yake. Wengi hudai nafasi ya msichana kwa hasira, ilhali katika mchezo huohuo kuna mama mwenye uzito mkubwa anayewangoja. Akikukatalia, muulize sababu iliyo katika uigizaji wako, kama ni sauti, pumzi, kukariri au mwendo. Sababu ya namna hiyo ichukue uifanyie kazi. Akikujibu tena kwa sura yako, au akidai kitu kingine ili akupe nafasi, basi ondoka kwenye kundi hilo bila majuto. Nakuru ina makundi mengi, na ina jukwaa la Nakuru Players ambalo lilianza enzi za walowezi na leo linakanyagwa na vijana wetu. Heshima yako haina msimu.

Malipo. Hapa nitakuwa mkali, kwa kuwa hapa ndipo waigizaji wa aina yako hupotelea. Mhusika mkuu hujulikana, hivyo ana sauti ya kudai. Msaidizi huambiwa asubiri. Mzee Ojwang' alipendwa na mamilioni, lakini macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi wahisani wachange ili atibiwe. King Majuto naye alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya kazi lilifika hadi kwa waziri wa sanaa wa Tanzania. Mapenzi ya watazamaji hayalipi hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya msimu mpya, omba makubaliano ya maandishi. Si lazima yawe ya wakili. Ukurasa mmoja unatosha, wenye jina la mchezo, idadi ya maonyesho, malipo ya kila onyesho, nani anagharimia nauli na chakula, pesa zitalipwa siku gani na kwa njia gani, na nini kitatokea ikiwa shule itachelewesha malipo. Ongeza sentensi moja muhimu: onyesho likirekodiwa na kuuzwa au kurushwa mtandaoni, waigizaji watalipwa vipi. Wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Ukiona aibu kuomba peke yako, waombe wenzako muombe pamoja, pamoja na hao wasichana wa chuo unaowaonea wivu. Wao pia wanadhulumiwa. Kisha ulizia chama cha PRISK, ambacho kiliundwa kusimamia haki za waigizaji na wanamuziki watumbuizao, ujue masharti ya kujiunga na kama kazi zako zinahusika.

Na mitumba usiiache. Dada yako anaposema ushughulikie biashara, anasema nusu ya ukweli. Kibanda hicho ndicho kinachokupa nguvu ya kukataa kazi mbaya. Mwigizaji mwenye unga ndani ya nyumba husaini mkataba akiwa ameusoma.

Kuhusu Nairobi, sikushauri uhame. Una watoto wawili, una wateja, na jiji liko mwendo wa takriban kilomita 160 kwa matatu. Nenda kwa odisheni na urudi. Kabla hujaenda, tafuta kijana mwenye simu nzuri akurekodi dakika mbili: dakika moja ukiwa mama mkali wa mjini, dakika moja ukiwa nyanya wa kijijini, bila muziki na bila mapambo, uso na sauti vionekane na kusikika sawasawa. Hiyo ndiyo barua yako ya kazi. Wapelekee watayarishaji wa vipindi vya Kiswahili, wapelekee pia watengenezaji wa matangazo na michezo ya redio, kwa sababu sauti yenye umri ni adimu. Na ukiwa huko usijitambulishe kama mtu anayetafuta nafasi kuu aliyekosa. Sema kwamba unaigiza kina mama watu wazima, na kwamba kila mmoja kati yao ana uso wake. Mtayarishaji anayetafuta mama mkwe atakukumbuka siku hiyohiyo. Tuzo za Kalasha za filamu na televisheni zina kipengele cha mwigizaji msaidizi, kama vile Oscar ilivyoanza kuwatambua wasaidizi kwa filamu za mwaka 1936. Kazi hii ina jina lake, ina tuzo zake na ina soko lake.

Basi jibu langu ni hili, dada. Endelea, lakini usiendelee kama mtu anayengoja zamu yake. Ukingoja kuwa Neema, kila Dina utakayemcheza atakuwa nusu mtu, na watazamaji wataiona hiyo nusu. Ukiamua kwamba kina mama hawa wa pembeni ndio kazi yako ya maisha, utawajua kwa undani ambao hakuna msichana wa miaka ishirini anayeweza kuufikia, na waelekezi wenyewe wataanza kukutafuta. Wiki hii andika maisha ya Dina kwenye kurasa mbili, uandike makubaliano ya malipo kwenye ukurasa mmoja, na umwombe mwelekezi nafasi ya kuzungumza. Fanya yote matatu kabla ya onyesho lijalo, kisha niandikie uniambie alisemaje.

Ni mimi,
Mwalimu